Kondoo wa Kathuri

Jumanne, tarehe 11 Julai 2023, saa kumi na moja na nusu alfajiri, manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya mji wa Meru, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi kwenye mabati ya Majengo. Zuleka binti Hassan alikuwa amekwisha kufungua bucha. Alikuwa amemtundika mbuzi mmoja kwenye kulabu, amewasha makaa ya supu, na sasa alinoa kisu kwa namna aliyofundishwa na baba yake: taratibu, bila kukitazama.

Wateja wa kwanza walikuwa mafundi wa mjengo. Zamani walinunua nusu kilo kwa kila mtu. Siku hizi walichanga watatu wakaomba nyama ya mia.

"Mama Rahema, ongeza kamfupa basi," mmoja alisihi.

"Mfupa nao nimeununua. Petroli imepanda, makaa yamepanda, mbuzi amejua. Nenda ukaongezwe na waliopandisha."

Walicheka, naye akaongeza mfupa.

Ubavuni mwa mbuzi yule palikuwa na muhuri wa zambarau uliopigwa na mkaguzi kichinjioni. Zuleka aliutazama kwa uchungu asiouzoea. Mbuzi aliyenunuliwa juzi sokoni Laare alikuwa na muhuri wa serikali. Binti yake, aliyezaliwa hatua chache kutoka hapo, hakuwa nao.

Rahema alikuwa na umri wa miaka ishirini. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba usajili ungefungwa Ijumaa. Asiye na kitambulisho, au walau karatasi ya kukisubiri, nafasi yake ingepewa mwingine. Wenzake aliosoma nao shule ya upili walikuwa wamepata vitambulisho vyao bila kuulizwa neno. Yeye, kwa kuwa jina lake lilikuwa Rahema na mtaa wake Majengo, alitakiwa kupigwa msasa na kamati. Kamati ilikaa Jumanne tu. Mara mbili alikuwa amekwenda, na mara mbili alikuwa amerudishwa.

"Mama, tutachelewa," alisema, akisimama mlangoni na bahasha kifuani.

Zuleka aliifunika supu, akamwachia jirani bucha, akavua aproni.

Ofisi ilikuwa na baraza ndefu yenye benchi la mbao. Vijana watano wa Majengo walikuwa wamekaa hapo tangu kupambazuke. Mmoja wao, Abubakr, fundi wa pikipiki, alimpisha Zuleka.

"Kaa, mathee. Hawa watu wanatuzungusha tu. Mimi ni mara ya nne. Sina ID, sina laini ya simu, sina leseni. Nikigongwa na lori leo, wataandika ni nani amekufa?"

"Wataandika umekufa bila ruhusa," kijana mwingine alidakia, na benchi zima likacheka kicheko kifupi cha watu wenye baridi.

Ndani, nyuma ya meza, aliketi afisa wa usajili, mwanamke kijana aitwaye Linda, ambaye kwao ni Ishiara na alikuwa amehamishiwa Meru mwanzoni mwa mwaka. Kando yake alikaa Mzee Bundi, mwakilishi wa wazee katika kamati, mwenye koti la sufi na kikombe cha chai. Zuleka alimfahamu vyema. Tangu Februari, kila Alhamisi, Bundi alipita buchani akafungiwa maini, akasema, "Nitakuona mwisho wa mwezi." Miezi ilikuwa imeisha mmoja baada ya mwingine, naye hajamwona.

"Kabila?" Linda aliuliza.

"Mmeru," Rahema alijibu.

Bundi aliweka kikombe chini. "Mmeru wa buibui! Mmeru wa mlango gani, msichana? Ukoo gani?"

Rahema alimjibu kwa Kimeru safi, kwamba yeye ni mtoto wa Majengo, na bibi wa mama yake alikuwa Mtigania, Mmeru halisi.

"Kimeru hata wanunuzi wa miraa wanakiongea," Bundi alisema, "na wakishapakia mzigo wanarudi kwao. Mimi nimeuliza mlango."

Linda alikuwa akizipitia karatasi. "Mama, vitambulisho vyenu nimeviona, chako na cha marehemu Suhail, babake msichana. Lakini maagizo ni kwamba tujue asili ya babu. Baba yako alitoka wapi?"

"Hapa. Alizaliwa hapa, akazikwa hapa. Ni baba yake aliyekuja na mizigo ya Wazungu kutoka Tabora, akaoa hapa."

"Basi ni Tabora," alisema Bundi, kama mtu aliyekwisha kufunga kesi.

"Baba yangu alifungwa na Mzungu pamoja na Wameru wengine," Zuleka alisema. "Alipelekwa kisiwani Mageta, katika Ziwa Victoria. Kosa lake lilikuwa kuwapelekea nyama watu wa msituni."

"Kuna karatasi ya kifungo?"

"Karatasi hakupewa. Alipewa pingu."

Linda aliinua macho kwa mara ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa barua kutoka Nairobi. "Mama, nielewe. Leta mzee wa ukoo wenu, mtu wa hapa anayejulikana, aje aape mbele ya kamati kwamba nyinyi ni watu wake. Nafunga saa kumi. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Walipotoka, Bundi aliwafuata barazani, akamvuta Zuleka kando karibu na tangi la maji.

"Mama Rahema, wewe ni mtu wa kuelewa. Mbuzi mmoja, basi. Si pesa, pesa siku hizi ina maneno mengi. Mbuzi, na huyo mzee wa ukoo nitamtafuta mimi mwenyewe."

"Mzee Bundi, maini yangu ya tangu Februari uko nayo wewe."

"Ndiyo maana nasema tunajuana."

Aliondoka akifuta masharubu. Rahema alikuwa amesikia yote. "Mama, mpe," alisema kwa sauti ya chini. "Mbuzi ametundikwa pale. Mpe, tumalize. Ijumaa zimebaki siku tatu tu."

Mbuzi yule alikuwa na thamani ndogo mno ukimlinganisha na nafasi ya mtoto, naye Zuleka alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini alimjua pia baba yake.

"Babu yako alifungwa kwa sababu ya nyama," alisema hatimaye. "Aliniambia nyama ina njia mbili: inauzwa, au inapewa mwenye njaa. Yule mzee hana njaa. Nikimlisha leo, mwaka ujao atakuja kula kwa watoto wa hawa walio kwenye benchi." Akatazama juu, kule ambako mlima ulipaswa kuonekana. "Twende Kibirichia. Yuko mtu mmoja huko, kama yu hai."

Dereva wa kanta, lori dogo lililokuwa likipanda Kibirichia kupakia viazi, mnywaji mkubwa wa supu ya Zuleka, aliwabeba mbele pamoja naye. Njia nzima Zuleka alimweleza binti yake yale machache aliyoyajua. Hassan na mtu aitwaye Kathuri walikuwa wamefungwa pingu moja. Kila Idd ya kuchinja, Hassan alituma bega la kondoo Kibirichia kwa Kathuri, na kila alipolituma alisema, "Hao ni watu wetu wa gichiaro. Ukikwama, waombe." Gichiaro ni undugu wa Wameru usiotokana na tumbo la mama bali na kiapo; aliyefungamana nawe kwa gichiaro hamdhuru mtu wako, hakudanganyi, wala hawezi kukunyima unachomwomba. Zuleka alikuwa akiyachukua maneno hayo kama mazungumzo ya wazee. Hassan alipofariki, bega la Idd likaacha kutumwa.

Kibirichia ilikuwa na baridi ya kupasua midomo. Katika shamba dogo lililoning'inia kwenye mteremko wa mawe, mwanamke wa makamo, mwenye buti za mpira zilizojaa tope, alikuwa akichagua viazi.

"Muga!" Zuleka alisalimu. "Hapa ni kwa Mzee Kathuri?"

"Ni hapa. Mimi ni Makandi, binti yake. Lakini kama mmekuja kununua waru, mmechelewa. Madalali wamezichukua zote, tena wamejaza gunia mpaka likavaa kofia, wakalipa kama gunia moja."

"Sijaja kununua. Mimi ni Zuleka. Binti wa Hassan wa Majengo."

Makandi alisimama na kiazi mkononi. Kabla hajasema neno, sauti nyembamba ilitoka katika kibanda cha jiko kilichofuka moshi.

"Hassan gani? Hassan wa pingu?"

Mzee Kathuri alikuwa ameketi juu ya kigoda karibu na moto, amevaa makoti mawili na kofia ya sufi ya kike. Umri wake ulikuwa miaka tisini au karibu na hapo. Sikio moja halikusikia, lakini macho yalikuwa makali. Alimtazama Zuleka, kisha akakunja mkono wa koti. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimezungukwa na kovu jeusi, pana kama bangili.

"Baba yako alikuwa na lake upande wa kulia," alisema.

"Alikuwa nalo."

"Nilijua mtakuja. Nilidhani mtakuja kunidai."

"Kukudai nini, baba?"

"Kaa chini kwanza. Makandi, wape chai. Huyu mtoto ni nani? Mjukuu? Ana pua ya Hassan, maskini."

Rahema alicheka bila kutaka. Ndipo mzee akasimulia, akikatiza maneno mara kwa mara kuusogeza ukuni.

Walihukumiwa siku moja, hapo Meru, yeye kwa kula kiapo cha wapiganaji na Hassan kwa nyama. Hawakuwa wakijuana. Askari aliwafunga wawili wawili kwa kadiri walivyosimama kwenye mstari. Walipakiwa lori hadi Nanyuki, kisha wakatiwa katika behewa lililopigiliwa mbao madirishani, wasiambiwe wanakopelekwa.

"Tulijua tu kwamba mlima umebaki nyuma," alisema. "Hassan alikuwa amefunga kipande cha nyama kavu ndani ya kikoi. Alinigawia nusu. Nikamwambia, mimi sili chakula cha Waislamu. Akaniambia, basi kufa njaa, lakini ukifa nitakuburuta mpaka tunakokwenda, maana ufunguo anao askari. Nikala."

Kisumu waliteremshwa, wakaswagwa hadi gatini. Kathuri, mtu wa mlimani, hakuwa amepata kuona maji mengi kuliko ya mto Kathita. Alipokanyaga ubao wa kupandia meli, miguu ilikufa ganzi, akateleza, akaanguka kati ya meli na gati. Mnyororo wa pingu ulimvuta Hassan hadi ukingoni. Hassan aliuzungusha mnyororo kwenye nguzo ya chuma iliyofungiwa kamba za meli, akang'ang'ania.

"Ule mfupa wa mkono ulipovunjika niliusikia nikiwa chini, kwa hili sikio langu lililokuwa zima," mzee alisema. "Hakuniachia. Askari mmoja akacheka, akasema, tazama, Mmeru anavua Mmeru."

Huko kisiwani, walipokuwa wakifyeka vichaka na kuvunja mawe, Kathuri alimwomba Hassan wafanye gichiaro. Hassan alikubali. Lakini gichiaro hutaka kondoo, na Mageta hapakuwa na kondoo wa mfungwa.

"Palikuwa na samaki," alisema Kathuri, na uso wake ukakunjamana kana kwamba harufu ingalipo. "Sisi wazee wa huku samaki hatumli. Kwetu yule ni nyoka wa majini. Hassan akamshika, akasema Bismillahi, akamchoma, akanipa kichwa. Nilimla huku machozi yakinitoka. Makandi hapa hajawahi kuamini."

"Baba hula hata dagaa wa omena siku hizi," Makandi alisema. "Machozi yameisha."

"Nyamaza. Kisha nikamuuliza, ukoo wako ni upi, ili nijue nafungamana na nani? Maana gichiaro si cha watu wawili. Ni cha ukoo na ukoo. Hassan akaniambia: sina ukoo, nina mtaa. Ukoo wangu ni Majengo. Nikasema, basi, Majengo."

Aliporudi baada ya miaka mingi, wazee wa ukoo wake walimwambia kwamba samaki amewafunga wao wawili peke yao. Ili watoto waingie, ni lazima kondoo atoke, na atoke kwa Kathuri, aliyeomba undugu. Lakini Kathuri alikuwa amerudi na kukuta mashamba yamekwisha kupimwa na kugawanywa naye hayupo. Alikatiwa ule mteremko wa mawe. Kila kondoo aliyemfuga, jambo lilimchukua kabla hajafika Majengo: karo, hospitali, maziko ya mke. Hassan alimwambia hana haraka, akaendelea kutuma bega la Idd.

"Nimekula mabega ya Hassan maisha yangu yote na sikumpa hata kwato," mzee alisema. "Alipokufa nilishindwa kuja kumzika kwa aibu. Ndiyo maana nikasema mmekuja kunidai."

"Sikujua kuna deni, baba," Zuleka alisema. "Nimekuja kuomba maneno tu." Akamweleza habari ya kamati, ya kitambulisho, na ya saa kumi.

Kathuri alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Kuhusu Hassan naweza kuapa hata sasa hivi. Kuhusu mtoto huyu siwezi. Nikisema ni wa kwetu kabla ya kondoo kutoka, nitakuwa nimewadanganya watu wa gichiaro na nimeidanganya serikali. Serikali si neno, imezoea." Akageuka. "Makandi, fungua kondoo."

Nyuma ya jiko alikuwa amefungwa dume mmoja wa kondoo, mnene, mwenye kichwa cheusi. Makandi hakusogea.

"Baba, huyo ni mbolea. Ijumaa naenda kumuuza sokoni. Bila mbolea msimu ujao tutavuna mawe."

"Ni mbolea tangu lini? Alikuwa deni kabla hajazaliwa."

Zuleka alikuwa akiyajua masharti ya gichiaro vya kutosha kuelewa kwamba neno moja tu, "naomba", lingemfunga Makandi mikono. Alilimeza neno hilo. Hakuwa amekataa kumlisha tajiri asubuhi ili aje kumnyang'anya maskini mchana.

"Makandi," alisema, "mimi siombi. Ukisema ni mbolea, nitakunywa chai yako na nitarudi nyumbani, na Idd ijayo utaliona bega."

Makandi alimtazama, akamtazama Rahema na bahasha yake, kisha akavuta kamasi kwa nguvu.

"Huyu msichana akiwa nesi atafanya kazi wapi?"

"Popote atakapopelekwa," Rahema alijibu.

"Zahanati yetu hapa haina nesi tangu Januari," Makandi alisema. Akaenda, akafungua kamba. "Na mimi nakuja. Nimtazame huyo mtu anayewauliza watu wa baba yangu mlango."

Kanta ilishuka ikiwa na magunia ya viazi, Makandi na kondoo nyuma, mzee mbele. Walifika ofisini wakati Linda akiziweka karatasi kabatini. Barazani walibaki vijana wanne; wa tano alikuwa amekata tamaa mchana akaondoka. Bundi alikuwa amesimama mlangoni, na alipomwona Zuleka akija na mnyama kwenye kamba, uso wake ulikunjuka.

"Nilijua wewe ni mtu wa kuelewa," alisema taratibu, akanyoosha mkono kupokea kamba. "Ingawa nilisema mbuzi."

"Ondoa mkono."

Bundi aligeuka. Mzee aliyekuwa akiteremshwa kutoka kwenye kanta kama gunia alijinyoosha kwa fimbo yake. Bundi alimfahamu mara moja, kwa kuwa wote wawili walikuwa wa mlango mmoja, na Kathuri alikuwa rika la baba yake, Gatakaa.

"Mzee! Umetoka juu na baridi hii?"

"Nimesema ondoa mkono. Huyo ni kondoo wa gichiaro. Ni deni la Hassan. Wewe ulisema mbuzi gani, mtoto wa Gatakaa? Umewaomba watu wetu wa gichiaro mbuzi?"

Mkono wa Bundi ulibaki hewani, halafu ukarudi mfukoni polepole. Watu wa ukoo wake walikuwa na hofu chache, na hofu ya kuvunja gichiaro ilikuwa mojawapo.

Linda alitoka nje aliposikia kelele. "Kuna nini hapa? Mzee, kondoo haingii ofisini. Na hatupokei zawadi."

"Si zawadi. Si wako," Kathuri alisema. "Wewe ulitaka mtu wa kuapa. Nimekuja. Andika."

Aliketi kwenye benchi, akakunja mkono wa koti, akaliweka lile kovu juu ya goti ili lionekane. Alisema yote: lori, behewa, maji, samaki, Majengo. Linda, aliyetoka na kalamu ili aandike mistari miwili, alisimama bila kuandika.

"Wewe unauliza asili ya Hassan," mzee alimalizia. "Mimi nitakuambia. Siku ya kututoa hapa hakuna aliyetuuliza mlango. Askari alisimama na orodha, akaita: Kathuri, Mmeru. Hassan, Mmeru. Serikali ilipotaka kumpeleka mbali ilijua kwao ni hapa. Mbona inasahau anaporudi?"

Manyunyu yaligonga mabati. Linda alimgeukia Bundi.

"Mzee Bundi, wewe ndiye wa mila. Haya ni kweli? Huu undugu upo?"

Bundi alimtazama Kathuri, akamtazama kondoo. Angeweza kusema hajui. Lakini juu ya jambo lile mtu wa mlango wake hasemi uongo.

"Upo," alisema. "Kondoo akitoka mkononi mwa mzee akaingia mkononi mwa mama, mtoto ni wa kwetu. Na watu wake wote."

Kathuri alisimama kwa shida, akachukua kamba, akaiweka katika kiganja cha Zuleka. "Binti Hassan, nimechelewa."

"Nimepokea, baba."

Linda aliingia ndani, akakaa, akaandika. Muhuri ulipogonga karatasi, Rahema alifumba macho. Kitambulisho chenyewe kingechukua miezi. Karatasi ya kukisubiri alitoka nayo mkononi, na hiyo ilitosha kwa Ijumaa.

"Na sisi je, mzee?" Abubakr aliuliza kutoka kwenye benchi, kwa mzaha wa mtu asiyetarajia kitu.

"Nyinyi wa wapi?"

"Majengo."

"Sasa mnaenda wapi? Kaeni."

"Mzee," Linda alisema kutoka ndani, "hao sikuwasikia wakitajwa."

"Nilikula kichwa cha nyoka kwa ajili ya Majengo, si kwa ajili ya msichana mmoja. Huyu mtoto wa Gatakaa amesema watu wake wote. Nitaapa kwa kila mmoja. Mimi sina pa kwenda. Kanta ni ya viazi, viazi havina haraka."

Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa kumi. Linda aliitazama, akawatazama vijana wanne waliokuwa sasa wamesimama, akavuta fomu nyingine nne. "Mmoja mmoja," alisema. "Wakubwa wakiniuliza, nitawaambia nilimwona kondoo kwa macho yangu."

Abubakr alikumbuka yule wa tano. Alitaka apigiwe simu aje mbio, lakini kijana yule hakuwa na laini, kwa kuwa laini haisajiliwi bila kitambulisho. Mtu mmoja alikimbia hadi kwao na kumkosa. Jina lake lilibaki la Jumanne ijayo, na Jumanne ijayo Mzee Kathuri asingekuwepo.

Kabla jua halijazama walimchinja kondoo kichinjioni Majengo. Kathuri alishika kichwa, Zuleka akasema Bismillahi. Ngozi ilipotoka, mzee alikata kanda nyembamba, akamfunga Rahema moja kwenye kifundo cha mkono, mahali palepale palipokuwa kovu la babu yake, kisha akawafunga vijana wengine. Makandi alifungiwa bega lake mapema, lisije likasahauliwa. Nyama nyingine ilichomwa nje ya bucha, nao wapita njia wakaitwa.

Bundi alikuja pia. Ilimlazimu; ukoo wake ulikuwa unakula, na asiyekula kondoo wa gichiaro amejitenga. Alikaa pembeni, akapokea kikombe cha supu, na uchangamfu wake ukaanza kurudi.

"Mama Rahema," alisema, akicheka kidogo, "sasa sisi ni ndugu. Yale mambo ya maini tuyaache. Ndugu wa gichiaro hawadaiani."

Zuleka alikuwa akikifuta kisu. Hakuacha kukifuta.

"Kweli, mzee. Na ndugu wa gichiaro akiombwa kitu, anaweza kukataa?"

"Hawezi," Bundi alijibu, na neno lilipotoka alitamani kulirudisha.

"Basi nakuomba. Lipa maini."

Mzee Kathuri alianza kucheka; alicheka hadi Makandi akampiga mgongoni. Mafundi wa mjengo waligeuka kutazama. Bundi alitazama watu, akatazama kanda za ngozi mikononi mwa vijana, akaweka kikombe chini. Alitia mkono ndani ya koti la sufi, akatoa noti, moja baada ya nyingine, hadi Alhamisi zote za tangu Februari zikatimia.

Zuleka alizipokea, akazitia katika mfuko wa aproni. Kisha akamkatia Bundi fungu lake la kondoo, sawasawa na la wengine.